Nani akufundishe pikipiki: wa nyumbani, boda wa kijiweni, chuo au mzee wa kazini?

Msimu wa korosho ukishachanganya na pesa za mnada zikianza kuingia kwenye akaunti, huku kwetu utaona pikipiki mpya zinashushwa, siti bado ina nailoni, na mwenye mali amekaa nyuma kama abiria kwenye pikipiki yake mwenyewe sababu hajui kuendesha. Hapo ndo meseji zinapoanza, mwalimu we si unaendesha, nimtafute nani anifundishe? Msimu huu wameniuliza watu wanne, walimu wenzangu wawili, nesi wa zahanati yetu, na mjomba wangu kabisa ana miaka hamsini na kitu, nikaona bora niandike mara moja nimalize kuliko kumjibu kila mtu kivyake.

Mimi nafundisha shule ya msingi upande wa Tandahimba, mkoa wa Mtwara, nilijifunza nikiwa na miaka 31, na nimepita kwenye mikono ya watu wanne mpaka nikawa naenda Mtwara mjini na kurudi peke yangu. Kwahiyo hao wanne ndo nitawaweka sahani moja hapa uone nani anakufaa. Mtu akitafuta mwalimu wa pikipiki kitu cha kwanza anaangalia nani anaendesha vizuri, na mimi nilianza hivyohivyo, siku hizi naangalia vitu viwili vingine kabisa. Cha kwanza, breki yake ya mbele inafanya kazi? Cha pili, anaweza kukuambia "leo hutoki" na we ukamsikia?

Tuanze na wa nyumbani, maana ndo wengi tunaanzia hapo. Wangu alikuwa baba watoto. Bei ni bure, muda upo, na hakuna mtu wa mtaani atasema lolote. Alinipeleka uwanja wa shule jioni, watoto wamejaa wanashangilia mwalimu anajifunza pikipiki, akakaa nyuma yangu mikono yake juu ya mikono yangu akaanza, achia klachi, achia, ACHIA, basi naachia yote inaruka kama mbuzi halafu inazima, anapiga kiki tena kwa hasira. Siku tatu hivyo. Siku ya nne nikiwa peke yangu nikagundua sijui chochote, sababu muda wote ule breki alikuwa anashika yeye na mafuta anavuta yeye, mimi nilikuwa kama nimeshikilia ungo tu. Hii ya mwalimu kukaa nyuma karibu wote huku ndo tunafundishwa nayo, na naiona mbaya kuliko zote. Mtu mzima akikaa nyuma uzito wote unahamia nyuma, usukani unakuwa mwepesi unayumba, na mwanafunzi anajifunza pikipiki ambayo sio ile atakayoendesha kesho akiwa mwenyewe.

Shida ya pili ya wa nyumbani ni kwamba na yeye alifundishwa na wa nyumbani, na aliyemfundisha vilevile, kwahiyo kosa linarithiwa kama shamba. Kuna utafiti mmoja wa zamani wa Marekani, uliongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California ukatoka mwaka 1981, walichunguza ajali 900 za pikipiki hapohapo zilipotokea eneo la Los Angeles, wakakuta waendeshaji asilimia 92 kwenye hizo ajali hawakupita mafunzo rasmi, walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Sasa usiende kumwambia kaka yako kwamba ni muuaji, Los Angeles sio Newala na hata huko wengi walikuwa hawaendi chuo, ila inakupa picha kwamba "nilifundishwa na kaka" sio ngao.

Boda wa kijiweni ndo alinifuata. Nilimlipa elfu kumi kwa siku, na hapo nilikuwa namlipa kwa masaa yake matupu, maana yeye ana hesabu ya bosi jioni, abiria akipiga simu anakuomba dakika kumi anarudi baada ya saa nzima, na we umekaa chini ya mkorosho na elementi (helmeti) yako mpya. Hilo nisimlaumu, ndo kazi yake. Ila kwa kitu kimoja huyu kijana sijaona wa kumfikia, mchanga.

Anayeijua nchi ya Makonde huku juu anajua ninachosema. Ukitoka kwenye lami ukaingia njia za mashambani kiangazi mchanga unaingia mpaka kwenye kwato za ng'ombe, tairi linaogelea, na ukiogopa ndo unadondoka. Alinifundisha hivi: rudisha makalio nyuma kidogo, bana tenki kwa magoti, usukani usiukamate kama unanyonga kuku, uache uchezecheze, mafuta yawe yaleyale usikate ghafla, macho mbali usiangalie tairi, na breki ya mbele sahau kama haipo. Siku mbili nikawa napita sehemu ambazo baba watoto mwenyewe anashuka anasukuma. Alinifundisha pia kupanda pantoni ya Msangamkuu, kwamba pale kwenye mlango wa chuma pakilowana unaingia umenyooka, polepole, hukunji kona wala hushiki breki ukiwa juu ya chuma, na miguu tayari kushuka. Vitu hivyo hakuna karatasi itakufundisha.

Lakini sasa ile breki ya mbele. Nilimuuliza mbona waya wako wa breki ya mbele umelegea hivi, akacheka, "mwalimu, hiyo inabinua, itakurusha mbele uende kusalimia watu." Na sio yeye tu, nenda kijiwe chochote ukague uone, mbili tatu zitakuwa zimelegezwa makusudi. Kusema kweli hadanganyi, ila ukweli wake ni wa nusu ya barabara. Kwenye mchanga ukiishika tairi la mbele linajifukia au linateleza, umelala. Kwenye lami ni kinyume chake, ukianza kushika breki uzito unakimbilia mbele, tairi la mbele linakandamizwa linashika vizuri zaidi, la nyuma linabaki jepesi linaburuzika tu, ndo maana walimu wa pikipiki wanasema breki ya mbele inabeba kama asilimia 70 ya kusimama kwako. Ukiwa spidi 60 unakula karibu mita 17 kila sekunde moja, sasa mbuzi akatokea pale njia ya kushukia Mikindani na wewe una breki ya mguu peke yake, hesabu mwenyewe. Kinachorusha mtu ni kuishika kwa pupa au kuishika kwenye kona, unatakiwa kuikamua taratibu kama unakamua nazi, inaanza kidogo halafu inakaza.

Kwahiyo boda nampa mia kwa mchanga na njia, namnyima alama kwenye breki, sidemira (alizing'oa, eti zinakwaruza kwenye foleni) na kwenye mshikaki, maana siku ya tano alitaka nimbebe yeye na mwenzie eti nizoee mzigo. Na "leo hutoki" hawezi kukuambia, unamlipa, atakuambiaje usije?

Chuo sikai sana. VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, wapo Mtwara na Lindi, na shule binafsi za udereva zipo, na kwa leseni huna ujanja lazima upite, uwe na leseni ya kujifunzia, upate cheti, trafiki wakupime, halafu TRA (mamlaka ya mapato) wakupe leseni. Jua tu pikipiki yako iko kundi gani, zinazozidi cc 125 ni daraja A, zisizozidi hapo A1, watu wengi wananunua 150 wanajaza A1 kisha wanabishana na trafiki barabarani. Chuo kitakupa alama za barabarani, nani ana haki kwenye kiplefti, kwanini usiovateki kwenye mlima, vitu ambavyo boda wangu alikuwa anavikisia tu. Tena mwalimu wa chuo ndo mtu wa kwanza kuniambia nishike breki zote mbili kwa pamoja, nikashangaa kama mtoto. Upungufu wake, pale nilipokwenda tulikuwa wengi kwenye pikipiki moja, zamu yako ikifika unazunguka koni mara tatu unampisha mwenzio, uwanja mgumu bapa, mchanga hakuna, mvua hakuna, lori hakuna. Na ukishapata cheti hakuna mtu atakupigia simu mwezi wa tatu tangu uanze kuendesha kukuuliza unaendeleaje.

Mwezi wa tatu ndo kwenyewe jamani. Kwenye utafiti uleule wa Hurt zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa hawajafikisha miezi mitano na ile pikipiki waliyoanguka nayo, na wengine walikuwa wameshaendesha pikipiki nyingine miaka. Wiki ya kwanza unaogopa kila kitu unaenda kama konokono. Mwezi wa tatu unajiona fundi, unaanza kuovateki malori ya makaa ya mawe yanayoenda bandarini, hujui kwamba ukilipita semi linakuvuta kwanza halafu upepo unakusukuma, na ukiwa ubavuni kwake karibu dereva hakuoni kabisa. Mtu wa kukushika sikio unamhitaji kipindi hicho kuliko siku ya klachi.

Na hapo ndo namleta mzee. Alikuwa bwana shamba, sasa kastaafu, kaendesha pikipiki za serikali miaka na miaka kwenye vijiji vya korosho, anakuja shuleni kwetu kwa mambo ya bustani. Siku ya kwanza hakuwasha. Aliniambia isukume mpaka kwenye mwembe ule, igeuze, irudishe, ilaze kidogo kulia uone inaanza kuwa nzito wapi, iweke stendi, toa stendi. Nikachukia, nimeshaendesha wiki mbili huyu mzee ananifanya mtoto. Baada ya nusu saa jasho linanitoka ndo nikajua pikipiki yangu ina uzito gani na ikianza kuanguka mwisho wa kuizuia ni wapi. Siku ya pili akaniambia washa, tia gia ya kwanza, usiguse mafuta, achia klachi mpaka usikie inataka kwenda, hapohapo irudishe, fanya hivyo mara hamsini. Nilizihesabu. Tangu siku ile haijanizimikia mlimani.

Tulipotoka barabarani alikuja na pikipiki yake, mimi mbele yeye nyuma, namuona kwenye sidemira. Honi moja, punguza. Honi mbili, simama pembeni. Tukifika hanisifii wala hanigombezi, anauliza, umeona nini? Mwanzoni nilikuwa nasema sijaona kitu. Anasema umepita mtoto na mpira mkononi, mwenzie yuko ng'ambo. Umepita lori limesimama na tairi la mbele limekata kulia, lilikuwa linataka kutoka. Umepita oili imemwagika stendi, ikinyesha leo pale patakuwa kama sabuni. Wiki tatu za umeona nini, nikaanza kuviona kabla hajauliza.

Na siku ya mvua ya kwanza, mwezi wa 12, nimeshavaa koti, nimefika kwake, akaangalia juu akasema leo hutoki, mvua ya kwanza inaosha mafuta ya msimu mzima, subiri ipige siku mbili tatu. Nilinuna lakini sikutoka.

Mzee naye ana yake. Anaongea, dakika kumi za mazoezi na nusu saa ya hadithi za mwaka 1989. Foleni ya mjini sokoni haijui, mpaka leo anapiga kona kubwa. Na elementi yake ilikuwa kikofia cha zamani kamba imekatika, anakiweka juu kama baraghashia, nikamwambia mzee wangu, Shirika la Afya Duniani wanasema elementi nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa karibu asilimia 40 na majeraha mabaya ya kichwa karibu asilimia 70, isiyofungwa inaruka kabla yako. Akakaa kimya, wiki iliyofuata nikamuona na mpya. Mtu unayeweza kumkosoa na yeye akasikia, huyo mshikilie.

Fundi nimemuacha pembeni sababu sio mwalimu wa barabara, ila mtafute Jumamosi moja akuonyeshe kukaza cheni, kupima upepo, kubadili oili na kurekebisha nyaya za breki. Inatosha.

Kabla hujamkabidhi mtu mafunzo yako, muulize umewahi kudondoka? Akisema sijawahi, au kila mara kosa lilikuwa la mwenye gari, shukuru uondoke. Yule mzee aliniambia mara zake tatu, na kila moja alisema kosa lake lilikuwa wapi. Halafu mwambie twende nikaone pikipiki yako, shika ile breki ya mbele mwenyewe. Halafu muulize siku ya kwanza tutafanya nini, akisema tutaenda mpaka Lindi tukale samaki, mwache aende akale.

Kwa akina dada naongeza hili, anayeng'ang'ania kukaa nyuma yako "ili usianguke" hafundishi. Mazoezi ya mwanzo anaweza kutembea kwa miguu pembeni yako, spidi yenyewe ya klachi ni ya mtu anayetembea, na barabarani aje na pikipiki yake. Mimi ningejua hilo mapema ningeepuka mengi, na maneno ya mtaani yangepungua nusu.

Na wewe unayeombwa kufundisha, nikuambie nilivyoharibu. Yule nesi nilimfundisha mimi, klachi na breki alikuwa vizuri kabisa, siku ya kutoka nikatangulia mbele ili anifuate. Mimi naenda spidi yangu ya kila siku, yeye anaona namuacha anaongeza, tulipofika kwenye kona yenye mchanga mimi nimepita, yeye kaingia na spidi ambayo sio yake akashika breki ya mbele. Goti lilichubuka na indiketa ikavunjika, Mungu alisaidia hapakuwa na gari. Kosa langu asilimia mia. Mwanafunzi ndo anaongoza spidi, wewe ukae nyuma, na kama lazima utangulie basi nenda spidi yake. Na usimfundishe breki ya mbele bila kumpeleka kwenye mchanga na lami siku hiyohiyo akaone tofauti, mimi nilimfundishia lami tupu.

Sasa nichague vipi? Kama upo Mtwara mjini au Lindi mjini na maisha yako ni lami, anza chuo, tafuta mtu mzima mmoja wa kukufuata nyuma miezi mitatu, mazoezi fanya Jumapili asubuhi barabara zisizo na magari, kama za Shangani pale Mtwara. Kama upo huku juu, Newala, Tandahimba, au Liwale na Nachingwea kule, mzee kwanza kisha boda siku mbili tatu za mchanga tu, mlipe vizuri, usimsikilize kwenye breki. Unayetaka kuingia kwenye biashara ya boda, vyote ulivyosoma hapa juu na abiria usimbebe mpaka uwe umemaliza mvua moja na kiangazi kimoja, najua bosi wa pikipiki hatakubali lakini nakuambia. Wa nyumbani akupeleke na kukurudisha na akutunzie maji ya kunywa.

Bado mjomba. Yeye alitaka nimfundishe mimi, au yule boda wa kijiweni ambaye naye ni mtoto wa dada yake mwingine. Nikamwambia mjomba, sisi wote wapwa zako, kwetu huku mjomba ndo mwenye neno, nani kati yetu atasimama mbele yako akuambie leo hutoki? Akacheka, akasema kweli mna adabu ya kijinga. Tukazunguka mpaka tukampata mtani wake, mzee wa rika lake, ana Honda ya zamani na breki ya mbele nimeishika mwenyewe inakamata. Wameanza Jumamosi iliyopita. Nilipita pale nikakuta mjomba anasukuma pikipiki kuelekea kwenye mwembe, mtani kakaa kwenye kigoda anakula muhogo wa kuchoma, anamtukana mbele ya wajukuu, na mjomba hana la kufanya zaidi ya kuigeuza airudishe.